Jani Lenye Vinundu Viwili

Sehemu ya Saba

"Ni yeye! Mimi nilimwona na macho yangu!"

Wasomaji wangu, wiki nzima mmenisumbua. Mama wa kibanda ninakokunywa chai alinifichia sukari, ati mpaka nimwambie ni nani aliyepaza sauti hiyo mgongoni mwa Ayen, kando ya kitanda cha mama yake, katika wodi ya wanawake huko Lodwar. Haya basi. Geukeni pamoja na Ayen mjionee wenyewe.

Alikuwa Nyadak.

Nyadak huyo huyo! Rafiki wa kufa na kuzikana. Wamelala mkeka mmoja tangu waingie kambi ya Kakuma wakiwa wasichana wadogo, wamesukana nywele, wameazimana nguo, wamepeana siri zote. Nyadak ndiye aliyechaguliwa kusimama na Ayen kanisani siku ya harusi yake. Leo amesimama mlangoni mwa wodi, kidole kimenyooka, na kidole chenyewe kinamlenga Ayen.

"Nyadak," Ayen akasema, "umesema nini?"

"Nimesema ile nimeona. Wewe ndiyo ulichuma hiyo majani. Mimi nilikuambia hii siyo mboga, ukaniambia nyamaza."

Ayen akashika chuma cha kitanda.

Kitandani alilala Mama Deng, mama yake mzazi, macho ameyafumba, dripu mkononi, midomo imekauka na kupasuka. Tangu ale mboga kwenye kikao cha posa ya Ayen kule Kakuma, hajasema neno. Daktari amewaambia wazi kwamba sumu hii haina dawa ya kuizima, kazi ni kumtia maji na kungoja. Upande wa pili wa kitanda alisimama Koplo Kipchumba, kofia kwapani, aliyekuja kuuliza jambo moja tu: sumu iliingiaje chunguni?

"Huyu mama akituacha," Kipchumba akasema, "hii si kesi ya mboga tena. Ni mauaji. Ayen, unanielewa?"

Alielewa. Nani asingeelewa?

Na uchungu wenyewe ni huu: majani yale Ayen ndiye aliyeyaleta hospitalini. Aliyatoa Kakuma ndani ya mfuko wa nailoni, ameyafunga kwa kitambaa chenye maji yasinyauke, ili daktari ajue mgonjwa amekula nini. Hebu niambieni, mtu amtilie mama yake sumu, kisha ambebee daktari sumu hiyo hiyo na kuitunza njiani isikauke? Lakini nenda kamwambie polisi hivyo uone.

Aliyeyatambua majani ni Makena. Kama ndio kwanza unajiunga nasi, Makena ni Mmeru wa ofisi ya kilimo hapo Lodwar, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na kazi yake ni kuchunguza mimea inayoua mbuzi wa watu. Daktari alimwita aje ayatazame majani. Alipolitoa la kwanza tu mfukoni, uso ulimbadilika.

"Koplo," akasema sasa, "kabla hujamfunga mtu, njoo hapa uone."

Akayatandaza majani mawili juu ya kimeza cha dawa.

"Yote yametoka fungu moja. Niambie lipi ni mboga."

Kipchumba akayatazama. Akakuna kidevu. Yote yalikuwa mabichi, yote yamegawanyika ncha kama vidole, na kando ya kila moja kulikuwa na kikono cha kujishikia, kimejisokota.

"Yote mboga," akasema.

"Ndiyo maana watu wanapotea. Sasa pitisha kidole."

Kipchumba akapitisha. "Hili linakwaruza."

"Hilo ni tango-pori. Lina vinyweleo. Wanalipika sana, hata mimi nimelila, ni chungu kidogo lakini linashuka. Na hilo lingine?"

"Laini. Ni kama limepakwa mafuta."

"Ligeuze. Angalia pale jani linaposhikana na kikonyo chake. Unaona nini?"

Koplo akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza.

"Vijipele. Viwili."

"Vinundu viwili!" Makena akapiga meza kwa kiganja, mgonjwa wa kitanda cha pili akagutuka. "Hapo ndipo unapoujua. Usihangaike na rangi wala ukubwa wa jani. Hata vikono usivifuate, maana mimea yote miwili inatambaa na kujishikia. Angalia hapo tu. Tango-pori halina vinundu. Huu vitabuni unaitwa Adenia, na ukiufuata mpaka chini utakuta shina limevimba, nene, la kijani, limejaa chunjua. Ukiliona mara moja hulisahau."

"Na unaota wapi?"

"Hapo sasa. Mchangani hauoti, unataka mawe. Tangu nihamishiwe Turkana nimeutafuta, na nimeukuta mahali pamoja tu, juu kwenye majabali kule mbele ya Lopur, upande wa Kakuma. Huu si mmea wa kujikwaa nao njiani."

Ayen akamgeukia Koplo.

"Afande, mimi nilichuma ukingoni mwa laga, ule mto mkavu! Mchangani kabisa! Na Nyadak alikuwa na mimi. Yeye ndiye alibeba fungu mpaka nyumbani. Mwulize!"

Kipchumba akamgeukia Nyadak. "Eti?"

"Alipanda huko kwa mawe," Nyadak akasema haraka. "Mimi nilibaki chini nikimngoja. Jua lilikuwa kali."

Bila kupepesa macho! Mimi ninayewasimulia nilitaka kuiweka kalamu chini hapo, nikapunge upepo kidogo nje.

Makena hakutosheka. Aliyachambua majani yote moja moja kwa kucha, kisha akayagawa mafungu mawili.

"Tazama hapa, Koplo. Tango-pori lote limechumwa kwa mkono, vikonyo vimechanika. Haya ya sumu yamekatwa, tena kwa kisu chenye makali. Hawa kina mama wanaochuma mboga laga hawabebi kisu. Mtu mwingine aliyakata, akayachomeka humu baadaye. Na aliyakata akijua anachokata."

"Nani anajua?"

"Mimi." Makena akafikiri. "Na kijana mmoja tu. Mwezi uliopita nilipokwenda Lopur nilimchukua anionyeshe njia na kunitafsiria, maana anaongea Kiturkana kama amezaliwa nacho. Hivi vinundu nilimfundisha mimi mwenyewe, akavigusa kwa kidole chake. Kijana mpole, anashika mambo haraka. Mtu wa kambini. Anaitwa Mabil."

Ayen alisikia jina hilo kama lilitajwa kutoka chumba kingine.

Mabil! Mchumba wake. Mwanamume ambaye kikao kile cha Kakuma kiliitwa kwa ajili yake, ndugu zake wakasafiri kutoka Juba kuja kutaja siku ya harusi.

"Mabil wako wengi," akasema. Alikuwa akijitetea, na si kwa polisi. "Mabil wangu mwezi uliopita alikuwa Lokichar. Alienda kutafuta kazi kwa makontrakta wa mafuta. Alinipigia simu kutoka huko."

"Basi ni mwingine," Makena akasema kwa upole.

"Ejok!" ikasikika sauti mlangoni.

Alikuwa kijana mrefu, ameshika chupa za maji, anamwamkia Longor, muuguzi wa zamu, kwa Kiturkana. Longor akamwitikia. Makena akageuka, akatabasamu kabla hajafikiri.

"Mabil! Kumbe uko hapa?"

Tabasamu lake likafa lenyewe.

"Mabil," Ayen akasema, "Lokichar ilihamia Lopur lini?"

Mabil aliweka chupa chini, moja baada ya nyingine. Alipoinua uso ulikuwa uso wa mtu mwenye haya, na Ayen, masikini, alitamani sana kuuamini.

"Nilikudanganya," akasema. "Lokichar nilikosa kazi. Nikapata hii ya kubebea madam mifuko. Mtu anataka kuoa, halafu anabeba mifuko? Niliona aibu, Ayen. Nisamehe."

Na angemsamehe! Nawaapia, msamaha ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini Mabil alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Kipchumba.

"Lakini afande, mimi siwezi kuficha kitu kwa polisi. Nilipotoka kule juu nilileta jani moja nyumbani. Nikamwonyesha Ayen. Nikamwambia, angalia hizi vinundu mbili, ukiziona usiguse. Alijua."



Alikuwa ameshazoea kuogopa mambo mengi katika maisha yake. Kuogopa njaa, kuogopa vita kule nyumbani, kuogopa kuitwa ofisini na kuambiwa jina lako halipo. Hakuwahi kumwogopa Mabil. Mabil alikuwa mahali pa kupumzikia. Sasa mtu huyo huyo amesimama mbele yake, anamtazama machoni kabisa, na anamsukuma shimoni kwa sauti ya upole.

"Mwongo!" akasema hatimaye. "Mwongo wewe! Umenionyesha jani gani? Lini?"

"Ayen, sema ukweli tu. Watakuhurumia."

"Afande, mwulize kwa nini hakula!"

"Hakula nini?" Kipchumba akauliza.

"Ile mboga! Mama hana meno, nyama haiwezi, siku zote anapikiwa mboga kwa chungu chake peke yake. Siku ile alimwita Mabil mbele ya wageni, akamwambia njoo mwanangu tule pamoja. Mabil akageuza uso. Akasema mimi siwezi kula mbele ya mama mkwe."

"Na ni kweli," Mabil akadakia. "Afande, sisi Wadinka ukiposa msichana huli mbele ya mama yake. Ni heshima. Wazee wote walinisifu."

Kipchumba akatikisa kichwa akikubali. Yeye naye ana mila za kwao, mambo ya wakwe anayajua.

"Mwambie yote!" Ayen akapaza sauti. "Heshima hiyo inaisha kijana akimchinjia mama mkwe mbuzi. Akishamchinjia, mdomo uko huru. Na Mabil alichinja! Pasaka hii, uani kwetu! Siku hiyo hiyo alikula asida, ugali wetu, mbele ya mama mpaka akaomba aongezwe. Wazee wa Juba hawakuwa na habari ya mbuzi huyo, ndiyo maana walimsifu. Mimi nilidhani anajipendekeza kwao tu, nikacheka! Afande, mtu ameshafunguliwa mdomo, imekuwaje siku ya sumu arudi kwenye heshima?"

Swali zuri, au sivyo? Hata Makena alisogea karibu. Kijasho chembamba kikamtoka Mabil juu ya mdomo.

Lakini alikuwa na jibu. Watu wa aina yake hawakosi jibu.

"Wazee walikuwa wananitazama," akasema. "Kuonekana nikila, nikaona haya. Haya ni kosa, afande?"

"Si kosa," Kipchumba akasema taratibu. Lakini alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la pili.

Nyadak, pale mlangoni, alikuwa ameanza kupepesuka. Akajishika kwenye ukuta. Na Mabil, ambaye kila neno alikuwa amelipima mpaka hapo, akateleza kwa neno ambalo hakulipima.

"Nyadak, kaa chini. Usisimame sana na hiyo hali yako."

Ayen akamgeukia taratibu.

"Hali gani?"

Mkono wa Nyadak ulikwenda tumboni. Akautoa upesi, lakini alikuwa amechelewa.

"Nyadak. Hali gani?"

Nyadak alimtazama Mabil, na Mabil akatazama sakafu, na Ayen akajua. Yako mambo ambayo mwanamke haelezwi. Siku zote ambazo Nyadak alikataa chai asubuhi, akasema ni malaria. Siku zote ambazo Mabil alimuulizia, "Rafiki yako hajambo?"

"Gauni langu la harusi," Ayen akasema. "Wewe ndiye ulinipima. Ulipiga magoti mbele yangu ukanipima kiuno, na mtoto wake yuko tumboni mwako?"

"Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza!" Nyadak akalipuka, machozi yakimchuruzika. "Kabla yako! Wewe ulitafutiwa na wazee wake kwa sababu mimi ni Mnuer! Kila siku nakusuka nywele unaniambia Mabil hivi, Mabil vile. Unajua mimi nilikuwa nasikia nini? Unajua?"

"Ungeniambia."

"Ungeniachia?"

Ayen alilia, si kwa kwikwi, machozi tu yakishuka na yeye hayafuti. Mchumba kumgeuka aliweza kulimeza. Wanaume wamegeuka tangu zamani. Lakini huyu wa mkeka mmoja alimkata maini.

"Sikizeni," Kipchumba akasema, akikohoa. "Mapenzi yenu si kazi yangu. Nataka kitu kimoja. Mabil hamtaki Ayen, sawa. Anamtaka huyu, sawa. Angekataa tu kuoa. Kumtilia mama mkwe sumu kunamfaidia nini?"

Makena akamtazama Ayen. Ayen akamtazama mama yake. Hakujua.

Wakati huo huo Longor, aliyekuwa akibadilisha dripu, akasema kwa sauti ya chini: "Anaamka."

Wote wakakimbilia kitandani. Mama Deng alikuwa amefumbua macho. Yalikuwa ya manjano, mazito, lakini yalikuwa yanaona. Yakapita kwa Kipchumba, kwa Makena, yakafika kwa Ayen na kusimama.

"Mama!" Ayen akapiga magoti, akaushika ule mkono usio na sindano. "Mama, umerudi! Sema. Ulijua lolote? Nyadak ana mimba ya Mabil, Mama. Ulijua?"

Alimuuliza kwa Kidinka, na mama akajibu kwa Kidinka, kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilijua."

Ayen akadhani amesikia vibaya.

"Niliwakuta kabla ya mvua," mama akasema. "Nikamwambia Mabil aongeze ng'ombe, nami ninyamaze. Asipoongeza, nitakuambia wewe, na nitawaambia wazee. Kaka yako anataka kuoa, Ayen. Ng'ombe wa Deng watatoka wapi kama si kwenye mahari yako?"

"Ukaniacha niolewe na mtu wa Nyadak?"

"Wanawake wangapi wana mke mwenza? Nilidhani ataongeza tu, yaishe." Macho yakamhama Ayen, yakamtafuta Mabil. Yalikuwa na hofu. "Siku ile alinichagulia mboga kwa mkono wake mwenyewe. Nikafurahi, nikasema mkwe ananipenda."

Jamani! Sababu aliyokuwa akiitafuta Koplo Kipchumba ilikuwa imetajwa yote mbele ya masikio yake, na hakuambulia neno.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema ni Mabil!" Ayen akaruka. "Mama alikuwa anamdai ng'ombe wengine ili anyamaze! Mabil ndiye alimchagulia ile mboga!"

"Hapana," Mabil akasema, sauti ile ile ya upole. "Amesema hakuona mtu. Amesema Ayen ndiye alimpikia, basi."

Kipchumba akamgeukia Nyadak. "Wewe unaelewa Kidinka?"

"Naelewa."

"Nani anasema kweli?"

Nyadak alimtazama Ayen. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni kama vile Mabil amesema."

Longor ni Mturkana, Kidinka hakijui. Makena hakijui. Mbali na mgonjwa, watu watatu tu ndani ya wodi ile walikielewa Kidinka, na wawili walikuwa wameshamuuza Ayen.

"Sitaki tafsiri ya mtu," Kipchumba akasema kwa hasira. Tumpe haki yake, hakuwa mjinga. "Mshukiwa hawezi kujitafsiria, na mkwe pia simtaki. Huyu mama anajua Kiswahili?"

"Cha sokoni," Ayen akasema. "Kinatosha! Ndiyo na hapana anazijua. Mwulize wewe mwenyewe, afande!"

Na tumaini likamrudia. Kwani kulikuwa na nini cha kuogopa? Mama yuko hai. Mama anajua. Neno moja tu, na yatakwisha.

Kipchumba akainama juu ya kitanda. Lakini Mabil alikuwa ameshatangulia upande wa pili, ameushika mto wa mgonjwa kama anaunyoosha. Akamnong'oneza sikioni kwa Kidinka, haraka, Ayen asisikie.

"Ng'ombe nimeongeza, Mama. Wamefika Bor kwa Deng, ameshawapeleka kwa baba wa msichana wake. Nikifungwa, kaka zangu watawachukua ng'ombe wote, wale wa kwanza na hawa. Deng atanyang'anywa mke."

"Toka hapo!" Makena akamkemea. Mabil akatoka, mikono ameinua.

"Mama," Kipchumba akasema, polepole, neno moja moja. "Mimi polisi. Ile mboga mbaya. Ni Mabil alikupa? Ndiyo ama hapana?"

Mama Deng akamtazama Ayen.

Alimtazama mtoto ambaye yeye mama alimvusha mto mgongoni, aliyemtafutia kuni na kumsimamia foleni ya maji, aliyekuja naye Lodwar amemlaza mapajani. Ayen alitikisa kichwa kumtia moyo. Hata alitabasamu. Sema, Mama. Sema tu.

"Hapana," Mama Deng akasema.

Kwa Kiswahili, safi, kila mtu akasikia.

Kipchumba akavuta pumzi. "Ni Ayen alikupa?"

Mama Deng akafumba macho. Chozi likatoka likaingia sikioni, na mdomo haukusema ndiyo wala hapana.

"Mama," Ayen akasema. "Mimi pia ni mtoto wako."



Hakukuwa na kupiga kelele tena. Ayen alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilipofungwa hata hakuzitazama. Alikuwa ametazama pale shukani palipokuwa na ule mkono mkavu, mkono aliokuwa ameushika, ambao sasa ulikuwa umejificha chini ya blanketi.

"Kituoni," Kipchumba akasema. "Nyadak, wewe ni shahidi, twende. Madam, nakuhitaji pia, na hayo majani yako."

"Koplo, usimwache huyu mama hapa bila mtu," Makena akamwambia. "Nakusihi."

"Mtu yupo. Ana mkwe, ana muuguzi."

Muuguzi! Longor alikuwa ndiyo kwanza anaingia na bakuli la uji mwepesi, daktari alisema mgonjwa akiamka apewe. Sauti ikamwita kutoka wodi ya watoto, mbio mbio. Akatazama huku na huku, bakuli mkononi.

"Lete," Mabil akasema. "Nitamlisha mimi. Ni mama yangu huyu."

Longor akamkabidhi, akatoka mbio.

Hapo Ayen akazinduka. "Afande, msimwache naye! Afande! Atamuua! Makena, mwambie!" Akajitupa nyuma, Kipchumba akamshika mabegani, akamsukuma kuelekea nje. "Mama! Sema! Bado hujachelewa, sema sasa! Mama!"

Mama Deng alikuwa amefumbua macho. Midomo ameibana, machozi yanamtiririka, anakitazama kijiko.

Mabil akauvuta mlango kwa mguu. Kabla haujafunga, Ayen alimsikia, sauti ile ile ya upole iliyomwambia mara nyingi kwamba anampenda.

"Fungua mdomo, Mama. Ni uji tu."